Kaseti Ambazo Nduwayo Hakuzifuta

Kabla vita havijamtoa kwao, Nduwayo alikuwa mwalimu wa kwaya katika parokia moja upande wa Muyinga, ng'ambo ya mpaka, na alikuwa mkali kama pilipili. Kwaya yake iliimba sauti nne, na kila sauti ilikaa mahali pake kama nguzo ya nyumba. Mtu mwenye koo la kukwaruza hakumpokea. Mtu aliyechelewa kuingia, hata kwa nusu pumzi, aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Watu walimnung'unikia, lakini siku ya Pasaka walitoka kanisani vifua mbele kwa sababu yake.

Aliingia kambi ya wakimbizi ya Lukole, wilayani Ngara, katika majira yale kambi za Wanyarwanda zilipokuwa zinafungwa, akiwa na shuka na sufuria. Wa kwaya ile walikuwa wamebaki wawili tu: yeye mwenyewe, na mwanamke aitwaye Agripina, aliyekuwa akiimba sauti ya pili. Wengine wote walikufa siku moja, na hapa hapana haja ya kusema walivyokufa.

Agripina alikuwa na mazoea ya kuimba akiwa kwenye foleni ya maji. Ila aliimba ile sehemu yake tu, sauti ya pili, kama alivyofundishwa. Wenzake kwenye foleni walidhani hajui wimbo, maana sauti ya pili ikiwa peke yake haina kichwa wala miguu. Inapanda kidogo, inashuka kidogo, inanyamaza kungoja wengine, inaendelea. Nduwayo peke yake ndiye aliyejua anangoja nani. Kila Agripina aliponyamaza, yeye alisikia pale penye ukimya besi ya Bwana Salvatori na sauti ya kwanza ya wale mabinti wa mwalimu mkuu. Akahama bomba. Akawa anakwenda kuteka maji upande wa mbali, ndoo begani, ilimradi asimsikie.

Wakatoliki wa kambini walipomfuata awafundishe kwaya, aliwaambia koo lake limeharibika. Agripina alikwenda kumwomba mara nyingi, na kila mara alijibiwa hivyo hivyo. Mwisho akaacha kuomba, akawa anamsalimia tu na kupita.

Sasa katika kituo cha biashara cha Kasulo alikuwapo mwenyeji mmoja wa kabila la Wahangaza, Emilian, ambaye ukoo wake ni wa Kibimba. Alikuwa ameendesha lori la chakula cha wakimbizi tangu mwanzo wa taabu ile. Kambi kubwa zilipofungwa, madereva wengi walipunguzwa, naye akiwamo. Bosi wake wa stoo, kijana wa Kinorwe aliyeitwa Steinar, alipokuwa anafungasha kurudi kwao alimwachia redio kaseti ya deki mbili na katoni iliyojaa kaseti. Emilian akaona huo ndio mtaji. Alitoa kitanda kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, Mama Francisca, akaweka meza, akaunganisha redio na betri ya gari, akaanza kurekodia watu nyimbo. Wateja hawakukosekana. Waliotaka kwaya walikuwapo, waliotaka muziki wa Kongo walikuwapo, na Wasukuma wa Biharamulo walitaka ngoma zao. Kilichokosekana ni kaseti tupu. Kwa hiyo ile katoni ilikuwa baraka. Ilibidi tu zile za Mzungu zifutwe, nyimbo nyingine zipakiwe juu yake.

Emilian alitafuta mtu mwenye sikio zuri wa kumsaidia, akaelekezwa kwa Nduwayo. Nduwayo naye alikubali kwa sababu moja: nyimbo zitakuwa za watu wengine, na redio itakuwa mezani, ina kitufe cha kuzimia. Maelekezo yalikuwa mepesi. Asikilize kila kaseti kidogo, aone kama ukanda haujaliwa, kisha arekodi juu yake.

Kaseti ya kwanza ilipoanza kuzunguka, Nduwayo aliizima mara moja. Alidhani redio imekufa. Alifungua mlango wa deki, akafuta kichwa cha kusomea ukanda kwa pamba yenye spiriti, akarudisha. Kelele ikatoka vilevile. Kulikuwa na uvumi kama wa mvua inayokuja kutoka mbali, na ndani ya uvumi huo gitaa lililolia kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke, na ngoma zilizokimbizwa mpaka zikawa kama mawe ya mvua juu ya bati. Halafu akatokea mtu. Hakuimba. Alikwaruza, kama mtu anayetapika huzuni ya miaka. Nduwayo akajaribu kaseti ya pili, na ya tatu. Zote zilikuwa ndugu wa baba mmoja. Hapo akaelewa kwamba redio ni nzima.

Akaiweka moja deki ya kurekodia, kidole juu ya kitufe. Na pale pale, kabla ya wimbo unaofuata, alisikia mtu akihesabu kwa lugha yake. Ngoma ikaingia vibaya. Wakasimama. Mtu akakohoa, kiti kikaburutwa sakafuni, mwingine akacheka, kicheko cha kijana asiyezidi miaka ishirini. Kisha wakahesabu tena, wakaanza upya. Na aliyerekodi hakuondoa chochote kati ya hivyo.

Nduwayo alivuta kigoda, akakaa. Alisikiliza upande wa kwanza mpaka mwisho, akageuza. Jua lilipohamia upande wa pili wa barabara, hakuna alichokuwa amefuta.

Emilian alipouliza, alijibiwa kwamba kaseti bado zinapimwa. Kesho yake zilikuwa bado zinapimwa. Wateja wakaanza kurudi mikono mitupu, na Emilian, ambaye si mtu wa hasira za haraka, alikaa mlangoni akamsikiliza msaidizi wake anavyosikiliza. Aliona mwanamume mzima ameinamisha kichwa karibu na spika, macho amefumba, na uso wake umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

Akamwambia kile alichokuwa anakumbuka kutoka kwa Steinar. Kwamba huko kwao vijana walikuwa wanajifungia katika vyumba vya chini ya nyumba, kwenye baridi, na vyombo vibovu, wanarekodi wenyewe kwa redio kaseti ya kawaida. Wanatoa nakala chache, wanachora karatasi za nje kwa mkono, wanatumiana kwa posta. Wenyewe waliziita demo, na muziki ule waliuita kwa Kiingereza jina ambalo Emilian alilielewa kuwa ni chuma cheusi. Waliorekodi studio wakatoka safi, wenzao waliwadharau. Steinar alisema pia kwamba katika moja ya kaseti zile mpigaji ngoma ni yeye mwenyewe, lakini hakutaka kusema ni ipi.

"Mwalimu," Emilian akamaliza, "wewe unajua muziki. Huu una nini?"

Nduwayo aliinua kichwa. Alikuwa hajaulizwa jambo la muziki tangu avuke mpaka.

"Hauniombi kitu," akasema.

Jibu hilo halikumtosha Emilian, lakini alilipokea. Nduwayo mwenyewe alijaribu kulifafanua njiani akirudi kambini. Kila wimbo mzuri aliousikia tangu yaliyompata ulimtaka afarijike, au akumbuke, au aamini kwamba Mungu ana mipango. Wale vijana wa chumba cha chini hawakumtaka lolote. Hawakujua kama yupo. Walikuwa na chombo kibovu na jambo zito kifuani, na hawakungoja kwanza chombo kitengemae. Na kwa sababu walirekodi vibaya, ulilazimika kusogea, kutega sikio, kuuchimba wimbo kama kiazi kwenye udongo mgumu. Na ukiisha kuuchimba, ulikuwa umeingia chumbani mwao, umekaa nao. Alikuwa ameishi miezi mingi katikati ya maelfu ya watu bila kukaa na mtu.

Basi Emilian akaamua. Alisema atatafuta kaseti tupu Biharamulo mjini, na zile za Mzungu zibaki kama sehemu ya ujira wa Mwalimu, maana hazina mnunuzi. Nduwayo alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

Tatizo likaja kutoka upande wa Mama Francisca. Mama huyu alikuwa mtu wa rozari asubuhi na jioni, na mjomba wake alikuwa katekista. Kelele alizivumilia, kwa kuwa masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka. Lakini siku moja alikwenda kufagia chumba cha mbele akakuta karatasi za zile kaseti zimetandazwa mezani. Zilikuwa nakala za mashine, nyeusi na nyeupe, zilizofifia. Majina yalikuwa yamechorwa kama mizizi iliyosokotana, hakuna aliyeweza kuyasoma. Na juu ya moja kulikuwa na msalaba uliopinduliwa, kichwa chini.

Nduwayo alipofika alimkuta amesimama mlangoni na ufagio.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwalimu, unajua umeleta nini nyumbani kwangu?"

Alimwonyesha. Nduwayo aliitazama ile karatasi. Hakuwa amewahi kuitilia maanani. Yeye alikuwa mtu wa masikio.

"Mama," akasema taratibu, "waliotujia kanisani siku ile walikuwa wamevaa rozari shingoni. Niliwaona kwa macho yangu. Hawa wamechora ubaya kwenye karatasi, wakaishia hapo. Sijui mioyo yao. Lakini mimi hawajanitenda neno, na wamenisaidia kulala usingizi."

Mama Francisca alikuwa hajawahi kumsikia akisema habari za siku ile. Aliweka ufagio chini. Akasema kwamba usingizi ni kitu cha Mungu, naye akimpa mtu hapangiwi aupitishie mlango upi. Lakini karatasi zile hataziacha chini ya paa lake. Alizikusanya zote, akazipeleka jikoni, akazitia mafigani chini ya chungu cha maharage. Nduwayo hakumzuia. Na maharage yale waliyala pamoja mchana huo, yakiwa yameiva vizuri tu.

Kwa hiyo kaseti zikabaki bila majina. Nduwayo akazipa ya kwake, akayaandika kwa kalamu juu ya plasta alizozibandika: Mvua ya Mawe, Nyuki, Mtu wa Pangoni, Aliyekosea Kuhesabu. Ile aliyoipenda kuliko zote, ambayo gitaa lake lilisikika kana kwamba linapigwa nyumba ya jirani, aliiita Baridi. Mpaka mwisho wa maisha yake hakujua wenyewe waliziitaje, wala hakusikitika kwa hilo. Alizoea kusema, kama utani, kwamba mvua nayo hainyeshi ikijitaja jina.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuzipenda pamoja naye. Huyo ni Shibuda, Msukuma wa Kaniha aliyekuwa akileta ng'ombe mnadani. Alikuja kutafuta ngoma za kwao, akaikuta Mvua ya Mawe inalia, akasimama na fimbo yake mabegani mpaka upande ukaisha. Aliuliza hao ni wa kabila gani. Alipoambiwa ni Wazungu wa nchi ya barafu, alicheka mno. Akasema anawajua watu wa namna hiyo. Kwao, vikundi viwili vya ngoma vikikutana kushindana, kinachotafutwa ni kumchanganya mpinzani mpaka watazamaji wamhame. Uzuri unakaa kando. Mpigaji hodari hupiga mpaka vumbi limfunike, na sauti humkauka akaendelea kwa ile iliyokauka. "Hiyo iliyokauka ndiyo yenyewe," akasema. "Ile ya kwanza kila mtu anayo."

Neno hilo lilimkaa Nduwayo moyoni. Alirudi nalo kambini jioni ile, na bila kupanga alijikuta anafuata njia ya zamani, inayopita penye bomba la karibu. Agripina alikuwapo kwenye foleni. Alikuwa anaimba. Alikuwa amekonda, na sauti yake, iliyokuwa laini kama mafuta ya ng'ombe, ilikuwa imepata ufa. Sauti ya pili ilipanda kidogo, ikashuka, ikanyamaza.

Nduwayo alisubiri maumivu. Yalikuja, kama kawaida. Lakini safari hii aliweza kusimama ndani yake. Aliusikiliza ule ukimya alivyozoea kusikiliza uvumi wa Baridi, akitega sikio, na akagundua kwamba ndani yake mna kitu. Mlikuwa na ndoo zinazogongana, na mtoto anayelia, na pumzi ya Agripina akivuta ili aingie tena mahali pake hasa, bila kukosea hata nusu. Alikuwa amemfundisha vizuri. Na huyu mwanamke alikuwa amekitunza alichofundishwa kupita mpaka, kupita njaa, kupita kukataliwa na mwalimu wake mwenyewe.

Alimfuata mpaka kibandani kwake akamwomba radhi kwa kumkimbia. Agripina alimpa kigoda. Alisema hakuwahi kukasirika; yeye aliimba sauti ya pili tu kwa sababu hiyo ndiyo aliyokuwa nayo, na aliogopa akiiacha itapotea, halafu siku waimbaji wengine wakipatikana wakute pengo.

Siku iliyofuata walikwenda pamoja Kasulo. Emilian aliposikia wanachotaka, alitaka kufunga mlango na dirisha, na kuwaomba mafundi seremala wa jirani wanyamaze kidogo, rekodi itoke safi. Nduwayo akakataa. Mlango ubaki wazi, akasema, na mafundi waendelee na randa yao. Akaweka kaseti tupu, akabonyeza kitufe, akamwinulia Agripina mkono. Mkono huo ulikuwa haujainuliwa siku nyingi.

Agripina aliimba wimbo wa Pasaka, sehemu yake peke yake, toka mwanzo hadi mwisho. Pale besi ilipotakiwa alinyamaza kwa urefu wake. Pale mabinti walipotakiwa kupaa, alingoja chini. Katikati ufa wa sauti yake ulifunguka, akakwama, akasema "nisamehe, Mwalimu," na Nduwayo hakusimamisha ukanda. Alitikisa kichwa tu kwamba aendelee. Akaendelea. Alipomaliza, palikuwa na randa inayokwaruza ubao huko nje, na Mama Francisca amesimama kwenye mlango wa ndani na kanga mdomoni.

Waliirudisha, wakasikiliza. Ilikuwa na uvumi mwingi, kama Baridi. Mtu mgeni asingeelewa kitu. Lakini Nduwayo aliwasikia wote. Alilia pale pale mezani, kwa mara ya kwanza tangu avuke, na Agripina akamshika bega, na Emilian akatoka nje ili wapate nafasi.

"Asante," Nduwayo alisema alipoweza. Hakusema anamwambia nani, na hakuna aliyemuuliza. Mama Francisca alitafuta jambo la kufanya akaenda kupika ugali wa muhogo.

Kaseti hiyo ilitembea Lukole. Watu walirekodiana nakala ya nakala, kila moja ina uvumi zaidi ya mama yake, na waliokuwa na wapendwa waliotoweka waliipenda kuliko nyimbo zilizokamilika. Siku moja alikuja mzee mmoja wa parokia nyingine, akasema anaujua wimbo ule, na besi yake bado anayo, ingawa ni ya kizee. Nduwayo wa zamani asingempokea. Nduwayo huyu alimwinulia mikono akamkaribisha. Wakaja wengine: wenye kikohozi, wenye sauti za kukwaruza, wasichana waliokulia safarini wasiojua kusoma noti. Aliwafundisha wote, akiwa mpole kuliko alivyowahi kuwa, na kwaya yao ilikuwa na sauti ya kipekee, kavu na nzito, ambayo mapadre wageni walishangaa nayo lakini wakimbizi waliifuata hata kwa mguu kutoka mwisho wa kambi.

Alifanya kazi kwa Emilian miaka mingi baada ya hapo. Mara moja moja, kazi ikiwa imepoa, walimwona ameweka mojawapo ya zile kaseti za Mzungu. Alimwambia Emilian kwamba huwa anawaombea wale vijana, hasa yule wa ngoma, kwa kuwa bila shaka sasa ni watu wazima wenye watoto, na hawana habari kwamba huku Ngara kuna mtu wamemtendea wema. Emilian alimuuliza kama angependa kuwatafuta awaambie. Nduwayo alifikiri, akasema hapana. Wema mwingine, mwenyewe akiambiwa, unaweza kumtia aibu.

Amani iliporudi kwao na malori ya kuwarudisha watu yalipoanza kupakia, Mama Francisca, aliyekuwa sasa anatembelea fimbo, alikwenda mpaka kwenye lango la kambi akiwa na kikapu cha ndizi mbivu na chupa ya rubisi, pombe ya ndizi, iliyofungwa kwa jani. Alimkabidhi Agripina kikapu. Kwa Nduwayo alitoa rozari ya mbao, mpya, akamwambia hii haijavaliwa na mtu mwingine yeyote. Nduwayo alipiga goti vumbini kuipokea, na kuivaa aliivaa hapo hapo. Emilian aliwasaidia kupandisha mizigo: masufuria, turubai lililokunjwa, na katoni ya kaseti iliyofungwa kwa kamba ya mkonge. Lori lilipoondoka, wanakwaya walikuwa wameanza kuimba hata kabla halijafika barabara ya lami, na mama yule mzee alibaki amesimama kando ya njia, ametega sikio lake lililobaki zima, mpaka vumbi lilipotua.